Matofali Chini ya Kitanda

Mtaani kwetu vitanda viko juu. Mgeni akiingia chumbani kwa mtu mara ya kwanza hudhani tunapenda kulala karibu na dari, kwa sababu kila mguu wa kitanda umesimama juu ya tofali, na katika nyumba nyingine matofali mawili, moja juu ya jingine. Makabati pia. Jokofu, kwa aliye nalo, limepandishwa juu ya meza ya chuma. Hakuna anayeeleza. Mtoto anakua akijua kwamba kitanda hupandwa, basi.

Mtaa wenyewe uko Temeke, pale ardhi inapoacha kuwa tambarare na kuanza kushuka kuelekea mto Kizinga. Nilihamia hapo nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi ya karibu, nikafundisha Jiografia mpaka nikastaafu. Nyumba yangu iko upande wa juu wa kichochoro. Sikuchagua kwa akili. Kiwanja cha juu ndicho kilichokuwa kimebaki. Ukitoka mlangoni kwangu ukashuka kichochoro mpaka chini, nyumba ya mwisho kabla ya magugu ya mto ni ya jirani yangu. Ni mjane, wa familia ya Kiarabu iliyokuwa na duka Temeke tangu enzi za babu zake. Mbele ana duka, nyuma ana vyumba sita vya kupangisha, na wapangaji humwita Bi Mkubwa. Mimi aliniita shoga, kama wanawake wa pwani wanavyoitana na rafiki zao, ingawa mimi ni Mkristo wa kutoka bara na yeye ni wa pwani kwa kuzaliwa. Tumepelekeana futari na pilau ya Krismasi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka mmoja masika yalikataa kuisha, na mto ukaingia kwake. Maji yalimfika kifuani. Nasema kifuani kwa sababu nilikuwepo. Nilimwona akitoka mlangoni amejitwika mtungi wa gesi, mikono yote miwili juu, maji yamemkata kanga chini kidogo ya makwapa, na huku akimtukana kuku wake mmoja aliyekuwa anaelea juu ya beseni kama abiria wa kivuko. Tulicheka siku ile. Hakufa mtu, ndiyo maana tulisahau haraka. Maji yalipoondoka yaliacha mstari ukutani, wa kahawia, ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, kuzunguka nyumba nzima. Yeye akaweka tofali la pili chini ya kila kitanda, na maisha yakaendelea.

Baadaye wakaja wapimaji. Walikuwa vijana wa chuo, wavulana wawili na binti mmoja, wamevaa vizibao vya kung'aa na wamebeba kishikwambi na fimbo ndefu yenye alama za sentimita. Walitaka kuchora ramani ya mafuriko ya mtaa wetu. Mwenyekiti wa mtaa akaniomba nizunguke nao, kwa sababu nusu ya mtaa niliifundisha na nusu nyingine nimewafundisha watoto wao.

Kazi yao niliipenda tangu saa ya kwanza. Njia yao ilikuwa rahisi. Wanabisha hodi, wanamsalimu mwenye nyumba, kisha wanamwomba asimame mlangoni na kuonyesha kwa mkono, kwenye mwili wake mwenyewe, maji yalifika wapi. Kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Binti anasimamisha fimbo kando yake, anasoma, anaandika kwenye kishikwambi. Mahali pale panageuka nukta. Nukta zikiwa nyingi, pamoja na vipimo vya mwinuko wa ardhi, zinaungana kuwa maeneo, na kila eneo linapewa rangi. Nilimwambia binti yule kwamba kwa miaka yote niliyochora ramani ubaoni kwa chaki, sikuwahi kufikiri ramani inaweza kuanzia kwenye goti la mtu. Akacheka. "Mwalimu, magoti ndiyo yanayokumbuka," akasema.

Lakini kabla hatujafika nyumba ya kumi, habari zilikuwa zimetutangulia. Watu walisema ramani ni kisingizio, kwamba nyumba itakayotiwa rangi nyekundu itafuatwa na alama nyekundu ya X ukutani, na X kila mtu anaijua: ni nyumba inayosubiri kubomolewa. Vijana wakakana, wakaeleza, wakaapa. Haikusaidia. Kadiri tulivyoshuka kichochoro ndivyo maji ya mwaka ule yalivyozidi kuwa mafupi. Mzee mmoja aliyekuwa ameokolewa juu ya bati alionyesha kifundo cha mguu, akiwa na uso mkavu kabisa.

"Hapa tu, mwanangu. Yalipita kama mgeni, hata chai hayakunywa."

Tulipofika kwa jirani yangu nilisikia harufu kabla ya kuona. Chokaa mbichi. Kila mwaka yeye hupaka nyumba chokaa siku chache kabla ya Idi, na kila mwaka mimi humsaidia kushika ngazi. Idi ilikuwa mbali bado. Nyumba ilikuwa nyeupe pe, nje na ndani, mpaka kwenye kona za vyumba ambako hajapakaga hata siku moja. Mstari haukuwepo.

Alisimama mlangoni, akainua kanga kidogo, akaonyesha katikati ya ugoko.

"Hapa," akasema. "Na hapo nimezidisha, nisije nikaambiwa muongo."

Binti akasimamisha fimbo. Kisha akageuka kunitazama. Alikuwa mwerevu, alikuwa ameona rangi ya chungwa ikijipanga nyumba hadi nyumba upande wa pili wa kichochoro, na hesabu haikumkalia vizuri. "Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "ni kweli?"

Nilimtazama shoga yangu. Nyumba ile ndiyo kila kitu alichoachiwa. Sisi tumelelewa kwamba mtu akijifunika, wewe jirani huvuti kanga yake. Unamsitiri, na kesho naye atakusitiri. Hiyo si sheria ya kuandikwa, lakini nimeona watu wakiishi kwayo kuliko zile zilizoandikwa.

"Mwenye nyumba ndiye anayejua," nikajibu.

Binti akaandika.

Ramani ilipokamilika ilibandikwa ndani ya ofisi ya serikali ya mtaa, kubwa kama shuka. Ilikuwa nzuri. Mwenyekiti akaniomba nikae pale Jumamosi asubuhi niwaeleze watu, na mimi, niliyekuwa nimekosa darasa tangu kustaafu, nikaenda kila Jumamosi bila kukosa.

Nilianza na ufunguo wa ramani, ule mraba mdogo pembeni. Kijani, maji hayatarajiwi kufika. Njano, yanaweza kufika lakini chini ya goti. Rangi ya chungwa, kuanzia goti hadi kiuno. Nyekundu, zaidi ya kiuno, au maji yenye mkondo wa kumwangusha mtu mzima. Kisha niliwaeleza jambo ambalo watu wengi hulikosea, hata waliosoma. Ramani iliandika kwamba haya ni mafuriko ya mara moja katika miaka kumi, na watu wakapumua: yalikuja juzi, basi tuna miaka tisa ya kulala.

Hapo nilitoa kopo la maziwa lenye kunde tisa na punje moja ya haragwe jekundu. Nikamwambia mtu achote punje moja bila kutazama. Akitoa kunde, mwaka huo umepita salama. Akitoa haragwe, mto umeingia. "Sasa rudisha," namwambia. Hapo ndipo somo lilipokuwa. Haragwe linarudi ndani ya kopo kila mwaka. Mto hauweki foleni. Mama mmoja muuza samaki alitoa haragwe mara mbili mfululizo, akaitupa ile punje mezani.

"Mwalimu, kopo lako lina kijicho."

"Kopo halikujui, mama. Ndiyo maana linatisha."

Walicheka, na waliondoka wameelewa. Nilijivunia hilo. Nilikuwa nikiwaeleza watu kila kitu kuhusu ramani ile, isipokuwa kwamba kwenye bonde lote jekundu na la chungwa, kule mwisho wa kichochoro chetu, palikuwa na kisiwa kidogo cha njano cha nyumba tano, na kwamba kisiwa kile kilitengenezwa kwa hofu na chokaa.

Mpangaji alifika kwa jirani yangu miezi michache baada ya hapo. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Singida, karani katika yadi moja ya makontena kule Kurasini. Alitoka alfajiri na kurudi jioni akiwa na vumbi la malori kwenye nyusi. Akinikuta njiani alipiga goti kidogo. "Shikamoo mwalimu." Hajawahi kunipita bila hiyo. Mwaka haukuisha akamleta baba yake kutoka kijijini, kwa sababu mzee alikuwa amepata kiharusi na kule hakubaki mtu wa kumgeuza kitandani.

Upande wa kulia wa mzee ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Ulimi ulikuwa mzito, lakini akili ilikuwa nzima na ilikuwa na makali. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, binti yake na mpangaji wa chumba cha pili walimbeba hadi kibarazani, wakamkalisha kwenye kiti chenye mikono, na jirani yangu akampa kazi. Ungo wa mchele mapajani, mzee akichambua mawe kwa mkono wa kushoto, punje kwa punje, kwa ajili ya duka.

"Bi Mkubwa," alisema siku moja, taratibu, akilivuta kila neno, "kwetu Singida... kuna mawe... lakini hatuyauzi kwa kilo."

"Na wewe huchambui, unayahesabu kwa kukumbuka kwenu," jirani yangu akamjibu kutoka ndani. "Fanya kazi, mzee. Sina chai ya bure mie."

Chai ilikuwa ya bure, na vitumbua pia. Alimlisha kwa mkono wake mchana binti akiwa kazini, akimsema muda wote.

Tatizo lilikuwa kitanda. Kilikuwa juu ya matofali mawili kila mguu, kama vitanda vyote vya nyumba ile, na mzee hakuweza kushuka. Mguu wake mzima ulikuwa unaning'inia bila kufika sakafuni. Alitaka kujitahidi mwenyewe kufika kwenye ndoo, kwa sababu kusaidiwa na binti yake katika jambo lile kulimuumiza kuliko ugonjwa. Mara moja alijaribu akaanguka. Jumamosi iliyofuata yule dada alikuja ofisi ya mtaa, akasubiri watu waishe, kisha akasimama mbele ya ramani akiwa na mkoba wake kifuani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mwalimu, nimekuja kuuliza kitu kidogo. Nataka kutoa matofali kwenye kitanda cha baba. Bi Mkubwa anasema nisitoe, nikimuuliza kwa nini anasema ndivyo vitanda vinavyokaa huku. Maji yanapitaga tu, anasema. Sasa nimeona niangalie ramani kwanza."

Nilimwonyesha nyumba. Aliitafuta kwa kidole mwenyewe, akafuata kichochoro kutoka barabarani, akahesabu mapaa, akaipata. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Nilimweleza njano ni nini. Nilimtolea kopo, akachota kunde. Nilimweleza kwamba mstari wa rangi si ukuta, maji hayasomi mpaka, na kwamba njano si kijani. Nilieleza kwa subira, kama ninavyoelezaga, na kila nililosema lilikuwa sahihi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza alichokuja kuuliza.

"Kwa hiyo mwalimu, naweza kutoa?"

Nilikuwa na nafasi pale. Ofisi ilikuwa tupu, mwenyekiti ameenda kunywa chai. Ningeweza kumwambia, mwanangu, njano ile si ya kweli, maji yalifika hapa, na kuweka mkono kifuani. Maneno machache tu. Lakini kuyasema ilikuwa kumwambia mpangaji kwamba mwenye nyumba wake ni muongo na kwamba mimi nilishika ngazi ya uongo huo. Tena niliwaza, mzee ataanguka tena avunjike nyonga. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ukitafuta sababu ya kunyamaza huikosi.

"Toa," nikamwambia. "Masika yakikaribia tutayarudisha."

Alinishukuru. Jioni ile niliona matofali manane yamepangwa vizuri nje ya dirisha la chumba chao, mawili mawili, yameoshwa.

Masika hayakuwa yamefika. Hilo ndilo linalonirudia. Ilikuwa siku ya kazi, saa nane mchana, jua kali, nguo zimeanikwa kichochoro kizima. Mimi nilikuwa sokoni Tandika nikichagua nyanya. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe ambako Kizinga inaanzia, na kwetu halikudondoka tone. Hilo pia nilikuwa nalifundisha Jumamosi: mto huleta mvua ya watu wengine. Mwenzangu mmoja wa mtaani akanipigia simu. Akasema neno moja tu, "Maji," na nikaacha nyanya kwenye mizani.

Nilipofika kwangu, chini ya kichochoro hapakuwa tena na kichochoro. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yanakwenda upesi, yamebeba magogo na viatu na mlango wa choo cha mtu. Vijana walikuwa wamefunga kamba kwenye nguzo ya umeme na walikuwa wanashuka nayo mmoja mmoja. Niliuliza mara moja tu, "Mzee yuko wapi?" na hakuna aliyenijibu kwa sababu hakuna aliyejua kama katolewa.

Jirani yangu angeweza kutoka. Wapangaji waliokuwepo walitoka, na walisema walimwita. Yeye alirudi ndani. Vijana walipofika kwenye dirisha la chumba cha nyuma walimkuta amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, maji yakiwa kifuani mwake hata hivyo, na mzee mbele yake. Alikuwa amempitisha kanga chini ya makwapa na kuifunga kwenye nondo za dirisha, na kwa mikono yote miwili alikuwa ameshika kidevu chake juu. Kitanda hakikuonekana. Maji yalikuwa yamemkuta mzee amelala, kitandani alikorudishwa kukwepa jua la mchana, chini pale tulipokishusha, na kwa muda ambao mtu mwenye miguu anainuka na kutafuta viatu vyake, yeye yalikuwa yameshampita mdomoni.

Walimtoa juu ya mlango wa mbao. Alikuwa anapumua. Jirani yangu alipandishwa nyuma yake. Kanga yake ilibaki kwenye nondo.

Yule dada alifika kutoka Kurasini akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni. Alilala hospitali siku mbili chini ya kitanda cha baba yake, na siku ya tatu, mchana, mzee akafa kwa maji yaliyokuwa yameingia kifuani. Tulikaa msibani, tukaimba, tukapika. Jirani yangu alituma mchele. Ulikuwa umechambuliwa, haukuwa na jiwe hata moja. Mwili ukasafirishwa Singida.

Sasa nirudi kwenye chokaa, kwa sababu chokaa haipendi maji. Nyumba ilipokauka, ile nyeupe ilikuwa imebanduka kama ngozi ya kidonda, na ukutani paliachwa mistari miwili. Wa juu ulikuwa mpya, bado wenye matope. Wa chini yake, kwa shubiri moja tu, ulikuwa wa zamani, wa kahawia iliyokolea, umenyooka kuzunguka nyumba nzima. Mtu yeyote angeweza kuusoma. Haukuhitaji Jumamosi wala ufunguo.

Yule dada aliporudi kutoka kuzika alikuja kwangu moja kwa moja, kabla hajafungua chumba. Nilikuwa nafagia uwanja. Alisimama langoni. Hakunisalimia.

"Ule mstari wa chini ni wa lini?"

Niliweka ufagio chini. Nikamwambia mwaka. Nikamwambia na mengine yote: fimbo, ugoko, harufu ya chokaa, swali la binti mpimaji na jibu langu. Nilieleza kwa mpangilio kwa sababu sijui kueleza kwa njia nyingine. Hakunikatiza.

"Ulikuwepo," akasema nilipomaliza.

"Nilikuwepo."

"Na mie nilipokuuliza matofali, ulikuwa unakumbuka?"

"Nilikuwa nakumbuka."

"Wewe mwalimu ulinieleza mpaka mvua za Kisarawe," akasema. "Mpaka kunde."

Kisha akashuka, na ndani ya wiki akahama. Hakugombana na mtu. Jirani yangu alikaa dukani na mlango umefungwa nusu mpaka gari la mizigo lilipoondoka. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa laana, na nimegundua kwamba nilikuwa nayasubiri kwa hamu.

Wapimaji walirudi baada ya mafuriko yale kurekebisha ramani. Binti alikuwa yule yule, sasa ameajiriwa, amenenepa kidogo. Nilizunguka nao tena. Zamu ya mlango wa jirani yangu ilipofika nilimwona amesimama kibarazani akisubiri, na ukuta nyuma yake haujapakwa, ingawa Idi ilikuwa imekaribia na nyumba nyingine zote zilikuwa nyeupe.

"Mama, maji yalifika wapi?"

Hakuonyesha mwilini mwake. Alichukua fimbo mkononi mwa binti, akaisimamisha ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa juu. "Andika huu." Kisha akashusha kidole. "Na huu. Huu ni wa zamani. Mara ya kwanza niliwadanganya."

Binti akasita. "Mama, nyumba itakuwa nyekundu."

"Ni nyekundu, mwanangu. Unaandika au nikuandikie mie?"

Binti akanigeukia, kama alivyonigeukia mara ya kwanza, ingawa safari hii hakuuliza. Nikajibu hata hivyo. Nilimwambia ni kweli, na kwamba mara ile nilijua. Aliandika bila kutuangalia, na alipokuwa anaandika nilifikiria njano. Chini ya goti. Hata kama njano ile ingekuwa ya kweli kabisa, goti lile lilikuwa la mtu aliyesimama mlangoni. Kitanda kilichoshushwa kiko chini ya goti. Mzee hakuwa na goti la kupimia, na kwa Jumamosi zote zile sikuwahi kumuuliza mtu ni nani nyumbani kwake asiyeweza kusimama.

Bado nakwenda ofisini Jumamosi. Watu ni wachache, kisiwa cha njano hakipo tena, na kopo langu lina kutu mdomoni. Ninawaambia jinsi ramani hutengenezwa na jinsi inavyoharibika, na ninawaambia nani aliiharibu. Wengine huondoka katikati. Wanaobaki huuliza maswali mazuri kuliko zamani, na mimi huyajibu moja moja, mpaka yaishe.

Juzi, baada ya zaidi ya mwaka, simu yangu iliita nikiwa naosha vyombo. Ilikuwa sauti ya yule dada. Hakuniamkia, nami sikumdai.

"Niko Gongo la Mboto," akasema. "Naangalia chumba. Mwenye nyumba anasema huku hakuna maji. Sijaona ramani."

"Uko ndani ya nyumba yenyewe?"

"Niko sebuleni kwake. Ameenda kutafuta ufunguo."

"Mlango wa chumba chake uko wazi?"

"Uko wazi."

"Chungulia chini ya kitanda."

Nilisikia nyayo zake, kisha pumzi ya mtu anayeinama. Mtoto wa mtu alikuwa analia mahali fulani mbali, kwenye nyumba ya jirani wa kule. Nilishika simu kwa mikono miwili, yenye sabuni.

"Kuna matofali," akasema.

"Mangapi?"

"Mawili mawili."

"Basi toka hapo, mwanangu," nikamwambia. "Toka sasa hivi, kabla hajarudi na ufunguo."